Ukaguzi wa fomu za leba wa miezi 14: wakunga tufanye nini ili uwe makala ya jarida?

MkungaEastlands

Salamu wenzangu. Tuko wakunga sita katika hospitali ya kaunti ndogo hapa Nairobi. Kwa miezi 14 sasa tumekagua fomu 30 za LCG (Labour Care Guide) kila mwezi, yaani ule mwongozo wa kufuatilia leba ambao WHO iliutoa 2020 kuchukua nafasi ya patografu, chati ya zamani ya leba. Jumla ni fomu 420. Miezi sita ya kwanza tulikagua tu. Kuanzia mwezi wa saba tukaweka mafunzo ya dakika 30 kila Jumatano kabla ya kupokezana zamu, na kila zamu mkunga mmoja akapewa kazi ya kupitia fomu ambazo bado zinajazwa. Ukamilifu umepanda, na tunataka matokeo yachapishwe.

1. Hatuna kibali cha maadili kwa sababu kazi ilianza kama uboreshaji wa huduma. Tumechelewa?
2. Daktari mshauri amejitolea kuandika, ila anataka awe mwandishi wa kwanza na sisi sita tutajwe kwenye shukrani. Ndivyo inavyokwenda?
3. Hatuna mtakwimu. Tulinganishe vipi kabla na baada?
4. Hatuna mfadhili. Tupeleke wapi?

MezaYaMaadili

Sista, hamjachelewa, lakini njia iliyobaki ni moja. Hakuna kamati ya maadili itakayowapa kibali cha kurudi nyuma kwa utafiti ambao umekwisha fanyika. Inachoweza kuwapa ni kibali cha kuchambua kumbukumbu zilizopo, zilizoandikwa kwa ajili ya huduma ya kila siku. Fomu za LCG ni kumbukumbu za aina hiyo. Kwa hivyo pendekezo lenu liseme wazi kwamba ukaguzi ulifanywa kama kazi ya uboreshaji kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, na kwamba sasa mnaomba ruhusa ya kuzichambua kumbukumbu hizo kwa utafiti. Msibadilishe tarehe ili kazi ionekane haijaanza. Jarida litaweka tarehe ya kibali kando ya kipindi cha data, na kama hadithi hazilingani muswada unarudishwa kabla haujafika kwa wahakiki.

Mpangilio wa karatasi ni huu, na kuuruka ndiko kunakopoteza miezi:

Kwanza pendekezo la utafiti liende kwenye kamati iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Nairobi ziko kadhaa, ikiwemo ile ya pamoja ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi. Ulizeni mapema kama inapokea waombaji wasio wanafunzi wala wafanyakazi wa taasisi yake, ada yake ni kiasi gani, na hukutana siku gani ya mwezi. Ambatisheni fomu mtakayotumia kutoa data, wasifu wa kila mtafiti, vyeti vya kozi ya maadili ya utafiti (zipo za bure mtandaoni, saa chache tu) na barua ya hospitali isiyopinga. Kibali kikitoka ndipo mwombe leseni ya NACOSTI, kwa sababu kwa utafiti wa afya wataidai barua ya kamati. Baada ya leseni, idara ya afya ya kaunti. Mwisho ofisi ya msimamizi wa hospitali yenu. Kibali cha kamati na leseni kwa kawaida hudumu mwaka mmoja, basi wekeni alama kwenye kalenda ya kuomba nyongeza.

Ombeni pia msamaha wa ridhaa. Kuwatafuta kina mama 420 waliokwisha rudi nyumbani haiwezekani, hatari kwao ni ndogo sana mradi majina yaondolewe, na hizo ndizo hoja ambazo kamati hupima. Wakiwemo wasichana walio chini ya miaka 18, wataje kabisa kwenye pendekezo. Msingoje kamati iulize.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Orodha zenu za ukaguzi zimeandikwaje? Zina majina?

LebaWodi_Thika Road

Mimi naona mnamzungusha mwenzetu. Uboreshaji wa huduma hauhitaji kamati. Hospitali zinakagua kila siku bila kuomba mtu yeyote.

MezaYaMaadili

Kukagua, kweli, hakuhitaji. Kuchapisha ni jambo jingine, kwa kuwa fomu ya jarida itauliza jina la kamati na namba ya kibali, na sanduku hilo haliachwi tupu. Kamati ikiona kazi yenyewe si utafiti wa kupitiwa, inaandika barua ya kusema imesamehewa, na barua hiyo jarida linaikubali. Anayeamua kwamba kazi imesamehewa ni kamati, si wakunga wenyewe, na si daktari mshauri.

JedwaliLaMajukumu

Najibu swali la pili peke yake, maana ndilo linalowafukuza wakunga wengi kwenye uandishi.

Majarida mengi ya tiba hufuata vigezo vinne vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Mwandishi ni mtu ambaye (a) amechangia kwa uzito ubunifu wa kazi, au ukusanyaji, uchambuzi au ufafanuzi wa data. (B) ameandika rasimu au ameirekebisha kwa hoja. (C) ameidhinisha toleo la mwisho. Na (d) amekubali kuwajibika kwa kazi nzima. Vyote vinne kwa pamoja. Kuwa mkuu wa idara hakumo. Kutafuta pesa peke yake hakumo. Kukusanya data peke yake pia hakutoshi, na hapo ndipo mkunga anapoambiwa, "Wewe ulijaza tu fomu, nenda kwenye shukrani."

Lakini someni sentensi nyingine katika mwongozo huo huo: vigezo hivyo visitumiwe kumwengua mtu aliyetimiza cha kwanza kwa kumnyima nafasi ya kutimiza cha pili na cha tatu. Ninyi mlibuni swali, mkabuni mafunzo ya Jumatano, mkakagua. Kigezo cha kwanza mmekitimiza sita nzima. Mkinyimwa rasimu ili msiisome, kosa ni la aliyewanyima. Hata kuwataja kwenye shukrani kunataka ruhusa yenu, kwa hiyo si jambo la kufanywa mkiwa zamuni.

Msiende kwa daktari na malalamiko. Nendeni na jedwali. Safu ya kushoto muandike kazi: wazo, mbinu, ukusanyaji, usafishaji wa data, uchambuzi, rasimu ya kwanza, urekebishaji, usimamizi. Upo mfumo uitwao CRediT wenye majukumu 14 ambao majarida mengi huutumia. Chukueni majina ya majukumu humo. Safu za juu muweke majina yenu saba. Jazeni yaliyokwisha fanyika, yasiyofanyika yaacheni wazi, kisha mwulize: "Daktari, katika yaliyobaki ungependa kuchukua lipi?" Anayeandika rasimu ya kwanza kutoka ukurasa mtupu ndiye kwa kawaida huwa wa kwanza. Daktari akisimamia na kurekebisha kwa kina, nafasi ya mwisho ni ya heshima kubwa katika majarida ya tiba, na mara nyingi mtu hukubali akionyeshwa hivyo. Wekeni makubaliano kwenye barua pepe moja inayowafikia wote saba, yenye tarehe. Mpangilio unaweza kubadilika kazi ikibadilika, lakini kwa maandishi.

Kuna upande wa pili, na nausema bila kuuficha: mkunga ambaye hatasoma rasimu wala kutoa maoni hata mara moja asiwekwe kwenye orodha kwa sababu ya urafiki. Nafasi hiyo ya zawadi ndiyo ile ile tunayoilalamikia wakubwa wakiichukua.

MkungaEastlands

Asanteni sana. Nijibu mlichouliza. Orodha za ukaguzi zina jina la mama na namba yake ya hospitali. Fomu kadhaa zilipigwa picha kwa simu na kutumwa kwenye kundi letu la WhatsApp ili kujadiliwa. Na kuhusu swali la tatu: fomu 30 za kila mwezi tulichukua zile za juu kwenye rafu ya kumbukumbu. "Imekamilika" tulihesabu kama sehemu zote saba zina maandishi.

MezaYaMaadili

Picha zifutwe kwenye simu zote leo, pamoja na nakala zinazohifadhiwa mtandaoni, na hiyo ni kwa ajili ya akina mama kabla ya kuwa kwa ajili ya makala. Orodha za zamani zifungiwe kabati ya mkuu wa wodi. Kibali kikitoka, kila fomu ipewe msimbo, kuanzia 001 hadi 420. Daftari la kuunganisha msimbo na namba ya hospitali likae mahali tofauti na data, chini ya mtu mmoja. Kwenye faili ya uchambuzi wekeni umri kwa miaka, si tarehe ya kuzaliwa. Mtaa msiuweke kabisa.

Mhakiki_wa_Pili

Sasa swali la tatu. Nitakaa hapa kidogo, maana makala za namna hii hukataliwa kwa sababu zilizo ndani ya majibu yako mawili ya mwisho.

Uteuzi. Fomu za juu kwenye rafu si sampuli. Za juu ni za juzi, au ni za akina mama waliojifungua salama. Faili za waliopelekwa hospitali nyingine au kuingizwa chumba cha upasuaji huwa ziko kwingine. Habari njema ni kwamba mkiomba kibali cha kumbukumbu zilizopo, mnaweza kuchagua upya kutoka rejista ya wodi, MOH 333, kwa miezi ile ile 14. Mfano: mwezi wenye vizazi 240, gawanya kwa 30, unapata 8. Chagueni kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 8, tuseme 5, kisha mchukue wa 5, wa 13, wa 21, hadi mwisho. Faili ikikosekana msichukue ya jirani. Andikeni "haikupatikana" na mhesabu ngapi zimekosekana kila mwezi, kwa sababu idadi hiyo yenyewe ni matokeo.

Nani aingie. LCG huanza mlango wa kizazi ukifikia sentimita 5. Mama aliyefika akiwa tayari kusukuma hana cha kujaziwa kwenye hatua ya kwanza. Wekeni kanuni kabla ya kufungua faili hata moja: kwa mfano, mama aliyekaa wodini angalau saa moja tangu sentimita 5 hadi kujifungua. Waliopangiwa upasuaji bila leba watoke.

Maana ya kukamilika. "Sehemu zote saba zina maandishi" ni kipimo dhaifu mno. Fomu yenye mapigo ya moyo ya mtoto yaliyoandikwa mara moja tu katika saa sita ingepita. Hesabuni yaliyotarajiwa na yaliyoandikwa. Mapigo ya mtoto husikilizwa kila dakika 30 katika hatua ya kwanza na kila dakika 5 katika hatua ya pili. Mama akikaa saa 4 kwenye hatua ya kwanza, yanatarajiwa mapimo 8; yakiandikwa 6, ni asilimia 75. Fanyeni hivyo kwa mapigo ya mtoto na kwa upimaji wa mlango wa kizazi wa kila saa 4. Ripotini kila kipengele peke yake. Msivichanganye kuwa alama moja.

Kipimo ambacho mimi ningekiweka mbele ya vyote ni hiki: safu ya tahadhari ilipoguswa, je, liliwekwa duara na mpango ukaandikwa sehemu ya mwisho? Mapigo chini ya 110 au kuanzia 160 ni tahadhari. Kubaki sentimita 5 kwa saa 6 au zaidi ni tahadhari. Fomu iliyojaa namba bila mpango hata mmoja ni karatasi iliyojazwa tu. Wodi ikionyesha kwamba baada ya mafunzo tahadhari zilifuatwa na mpango ulioandikwa, hiyo ni makala ambayo mkunga wa wodi nyingine ataitumia.

Kujaza baada ya tukio. Mhakiki yeyote aliyewahi kuingia leba atauliza. Dalili zake zinajulikana: saa zote ni kamili au na nusu bila hata moja kuwa 2:40, wino mmoja, mwandiko usiobadilika hata zamu ilipobadilika, na mapigo ya mtoto 140 mstari mzima. Tengenezeni safu ya kuweka alama dalili hizi na mripoti. Mkinyamaza, ongezeko lote linaweza kuelezwa kama wakunga walijua wanakaguliwa.

Wakaguzi wawili wapitie fomu 42, yaani asilimia 10, kila mmoja kivyake, kisha mkokotoe kappa, kipimo cha jinsi wakaguzi wanavyokubaliana. Ikiwa chini ya 0.6, rekebisheni maelezo ya kipimo na mrudie kabla ya kuendelea na zilizobaki. Na msimpe anayeendesha mafunzo kazi ya kukagua peke yake.

Uchambuzi. Msilinganishe asilimia moja ya kabla na moja ya baada kwa jaribio la takwimu la kai mraba (chi-square) mkaishia hapo. Kama ukamilifu ulikuwa tayari unapanda tangu mwezi wa tatu, jaribio hilo litawapa ushindi ambao si wenu. Choreni chati ya mwenendo. Gawanyeni kila mwezi nusu mbili, fomu 15 kila nukta: nukta 12 kabla ya mafunzo, 16 baada. Kwa zile 12 choreni mstari wa wastani wa kati, yaani thamani ya katikati mkizipanga kwa ukubwa, uendelezeni hadi mwisho. Nukta 6 au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari ni badiliko la kweli. Nukta 5 au zaidi zinazopanda mfululizo ni mwelekeo. Karatasi ya hesabu ya kawaida inatosha. Kwa mengine, programu za takwimu za R na Jamovi ni bure.

Juu ya chati hiyo wekeni alama za kila kilichotokea wodini: mgomo, wakunga waliohamishwa, wanafunzi wa chuo cha tiba cha KMTC walioingia, mwezi fomu zilipokwisha. Hakuna wodi ya kulinganisha, kwa hiyo andikeni "ukamilifu uliongezeka kufuatia mafunzo". Msiandike "mafunzo yalisababisha".

Andikeni kwa kufuata SQUIRE 2.0, mwongozo wa kazi za uboreshaji wenye vipengele 18. STROBE ni kwa tafiti za uchunguzi, na mkiitumia hapa sehemu muhimu zaidi, yaani mafunzo yenyewe yalikuwaje, itapotea. Mada za Jumatano ngapi, nani alifundisha, wangapi walihudhuria kati ya wangapi, Jumatano ngapi zilikosa kufanyika na kwa nini: hayo yawe na aya nzima.

KurasaZaAfrika

Swali la nne. Majarida makubwa ya wazi, yaani yanayosomwa bure, humtoza mwandishi, na mengi hupita dola 2,000. Kenya imo katika kundi la kipato cha kati cha chini, kwa hivyo kwa wachapishaji wengi msamaha kamili si wa moja kwa moja. Mara nyingi ni punguzo, na linaombwa wakati wa kuwasilisha muswada. Ukisubiri ukubaliwe kwanza, ombi linakataliwa. Kuna njia mbili nyingine: jarida la usajili, ambapo msomaji au maktaba ndiyo hulipa na mwandishi halipi, au jarida la hapa Afrika lenye ada ndogo au lisilo na ada. Pitieni orodha ya AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. African Journal of Midwifery and Women's Health linahusu kazi kama yenu hasa. Someni makala tano za mwisho za jarida lolote mnalolifikiria. Kama hakuna hata moja ya uboreshaji wa huduma, msilipotezee muda.

Jihadharini na majarida ya ulaghai. Barua pepe inayokusifu kwa makala ambayo hujaiandika, ahadi ya kukubaliwa ndani ya saa 72, ada inayotajwa baada ya kukubaliwa: futa. Namba ya ISSN si kinga, yeyote huipata. Kuonekana Google Scholar si kinga. Kama jarida linadai liko kwenye orodha za kimataifa za DOAJ au MEDLINE, tafuteni huko kwenyewe, si kwenye tovuti yake. Na likiwa na jina la jarida maarufu, linganisheni anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kwa kuwa majina huibiwa. Muswada ukishaingia huko kuutoa ni vita, na jarida halali halitaupokea ukiwa umechapishwa.

Urefu: maneno 3,000 hivi, ikisiri 250 hadi 350 kulingana na jarida, majedwali na michoro isizidi mitano. Marejeo yapangwe kwa programu ya Zotero tangu siku ya kwanza. Mkitumia programu ya akili unde kunyoosha Kiingereza, itajeni; haiwezi kuwa mwandishi, na makosa yake yatakuwa yenu.

MkungaEastlands

Nimeelewa. Tutaanza na jedwali la majukumu wiki hii, kisha pendekezo. Swali dogo la mwisho: nani awe mwandishi wa mawasiliano, na tutumie barua pepe ya hospitali?

JedwaliLaMajukumu

Mwandishi wa kwanza, kama anaweza kujibu haraka. Barua pepe iwe ya kibinafsi yenye jina kamili, kwa sababu kaunti huhamisha watu na ile ya kazini hufungwa. Kila mmoja wenu ajiandikishe ORCID, ni bure, namba ya mtafiti yenye tarakimu 16 ambayo haibadiliki mtu akibadilisha jina au kituo. Taasisi ya kila mwandishi iwe ile aliyokuwa nayo kazi ilipofanyika, hata kama amehama. Nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapwa mara nyingi hutakiwa irudi ndani ya saa 48, basi mjulisheni mkuu wa wodi mapema ili mwenye kujibu asiwe kwenye zamu ya usiku siku hizo mbili.

Mhakiki_wa_Pili

Na maoni ya wahakiki yakirudi, fungueni jedwali la safu tatu: maoni neno kwa neno, jibu lenu, na ukurasa na mstari mlipobadilisha. Msilotaka kubadilisha, elezeni sababu kwa sentensi mbili. Kama kuna swali juu ya leba yenyewe, lijibiwe na mkunga aliyekuwa wodini, si na aliyenyoosha Kiingereza.